Chupa ya Matango

Saa tatu nilikuwa chini, kwa Bi Genowefa,
mlango wa kwanza kushoto,
ngazi zanuka makaa ya mawe na paka.
Nikafungua jokofu lake, kama fomu itakavyo:
siagi nusu,
soseji ndani ya gazeti,
chupa ya matango ya siki,
kifuniko cha buluu kilichobonyea upande
kama kofia ya mlevi.
Nikaandika. Kazi yangu kuandika.

Saa tano nimepanda ghorofa ya nne,
kwa Wiesława Pakuła, aliyekuwa mfumaji.
Kiwanda kilipofungwa, hapa Łódź,
mikono yake haikuambiwa:
hadi leo yafunga mafundo hewani akizungumza.
Amevaa blauzi ya kanisani. Jumanne.
Kikombe chenye mkono kaniwekea mimi,
yeye anywea kile kilichovunjika.
Mwanawe, Tymek, ameagizwa asikohoe.
Aimeza kohozi, macho yanamtoka.

"Naomba nione jikoni," nikasema
kwa ile sauti tuliyofunzwa chuoni,
laini, isiyo na mtu ndani.

Akalifungua mwenyewe, upesi,
kama abanduaye bendeji.
Siagi nusu.
Soseji ndani ya gazeti.
Matango,
kifuniko cha buluu, kimebonyea upande.

Jokofu halikuunguruma.
Waya wake ulilala sakafuni, haukuchomekwa popote.

Damu ikanipanda masikioni,
wala haikuwa ya hasira.
Aibu ya maiti aijuaye mwosha.
Na ya mwosha, je?

Waliotunga fomu husema mficha uchi hazai.
Sawa. Ila hawakusema
azaaye anavuliwa mbele ya nani,
na mshika taa amevaa nini.
Mimi nilivaa koti la sufu
na kitambulisho shingoni, picha yangu ikitabasamu.

Kuna kisanduku cha mapato,
cha maradhi, cha pombe, cha idadi ya vitanda.
Aibu haina kisanduku,
nayo ndiyo iliyonifungulia mlango,
ndiyo iliyofuta vumbi chini ya kabati,
ndiyo iliyopandisha soseji ngazi sabini na mbili
mikononi mwa bibi wa miaka themanini
nilipokuwa naula mkate wangu garini.

Nikiandika "chakula kipo", ruzuku itakatwa.
Nikiandika "chakula cha kuazima",
nimemwita mwongo kwa wino wa serikali
na jirani yake nimemfanya shahidi.

Nilikuwa na miaka saba, mjini Zgierz,
alipokuja kwetu mwanamke wa kazi hii yangu.
Mama akanilaza, akasema mtoto ana homa,
maana viatu sikuwa navyo.
Mgeni akanigusa paji, baridi kama sahani.
"Kweli," akasema, "homa kali."
Kisha akanifunika miguu,
polepole, akiipima kwa kiganja.
Wiki iliyofuata viatu vikafika. Barua hapana.
Mama hakumtaja tena mwanamke yule,
wala kwa shukrani.
Nadhani hakumsamehe.

"Bi Wiesława," nikasema, "jokofu lako limekufa."
Mikono ikasimama, fundo nusu.
"Tangu Februari," akasema.
"Basi chakula hakikai humu."
"Hakikai."
Nikaandika hivyo, neno kwa neno:
*jokofu bovu, chakula hakikai.*
Si uongo. Nimelisoma mara tatu, si uongo.
Tymek akakohoa, kwa kirefu, mtu mzima kabisa.

Nilipofika chini
mlango wa kwanza kushoto ulikuwa wazi upana wa kidole.
Bi Genowefa alikuwa akingoja matango yake.
Akanitazama.
Nikatazama rangi ya ukuta, inavyobanduka,
nikapita.